Mume Wangu Kalazwa

Mume wangu wa kwanza ni mzee kuliko baba yangu, kwa sababu ndiye aliyemzaa baba yangu. Msikimbilie polisi. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni mtu na mkewe, kwa maneno matupu na pipi za hapa na pale, na ndoa hiyo ina sheria moja tu: hakuna kukasirika. Babu akiniita "mke wangu mwenye miguu ya korongo", nami nikimwita "mume wangu kibogoyo", mambo yanakwenda sawa. Anayenuna ndiye mkosaji.

Wengine wote nyumbani walikuwa wamefungwa midomo na heshima. Baba akizungumza na babu huangalia vidole vyake vya miguu, kana kwamba majibu yameandikwa kwenye kucha. Mama ndiyo kabisa. Mkamwana hakai uso kwa uso na baba mkwe, kwa hiyo babu akija kwetu chakula chake hukileta mpaka mlangoni, akakohoa, akanisukumia sahani mimi, akatoweka kama jini. Katika ukoo mzima mdomo uliokuwa huru mbele ya babu ni huu wangu, na ndio huu huu uliokuwa unaniponza shuleni, maana mwalimu mkuu hapendi kuigwa anavyotembea.

Babu alikuwa karani wa mizani ya pamba, Kisesa. Wakulima walileta marobota, yeye akasogeza vile vyuma, akataja uzito kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Halafu ikaja biashara huria. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, ghala la ushirika likafungwa kufuli, na babu akabaki anakwenda kila asubuhi kukaa mlangoni pa ghala ambalo halina kitu. Soko likawa huria, babu naye akawa huria. Hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka.

Kisesa nzima ikasema: malaria. Alikunywa klorokwini mpaka akawa anajikuna kama aliyelalia upupu. Asubuhi anatetemeka, malaria. Anaanguka na baiskeli njia nyeupe isiyo na hata jiwe, malaria. Analala jikoni kwa bibi akiimba, hiyo nayo ni malaria, imepanda kichwani. Sidhani kama kuna mbu aliyewahi kusingiziwa kiasi kile.

Likizo ya mwezi wa sita baba akaenda kumchukua. Sisi tunakaa mjini, Mirongo, na baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ndiyo maana paka wote wa mtaa wanamjua. Daktari wa zahanati alimpima babu, akamtazama, akamtazama baba, akasema taratibu kwamba mzee apelekwe "kule nyuma, akapumzike". Kule nyuma palikuwa na nyumba ndogo ufukweni, zamani stoo ya nyavu, sasa ina vitanda vya watu wanaotaka kuachana na pombe. Baba akamwambia babu ni mahali penye hewa nzuri ya ziwa. Babu akasema hewa ya ziwa ni dawa. Wakakubaliana hivyo, wanaume wawili wazima, na baba akabeba mfuko wa nguo mkono mmoja na chupa ya chai ya babu mkono mwingine. Ile chupa kubwa yenye maua mekundu. Aliibeba kwa adabu toka Kisesa mpaka kitandani, kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa.

Nyumba ile bado naiota. Imekaa chini ya mawe, yale mawe yetu makubwa yaliyopandiana migongoni kama yalikuwa yanacheza yakasahau kushuka. Dirishani ni maji mpaka mwisho wa macho. Mchana mwanga wa ziwa ulikuwa unaingia, unatikisika darini, na wagonjwa wamelala chali wanautazama, nyumba nzima kama imezama taratibu na watu wake wameridhika. Ndani kulinuka spiriti ya hospitali hata ukitoka unahisi umepigwa pasi.

Muuguzi alikuwa dada mpole mno. Siku ya kwanza alimkaribia babu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Samahani, babu. Eti... huwa unatumiatumia kilevi?"

"Kidogo."

"Kidogo kama kiasi gani, babu?"

"Kidogo tu, mwanangu. Cha kuchangamsha."

"Haya, babu. Asante, babu."

Mahojiano yakaishia hapo. Na mimi nimesimama pale na sahani ya ugali na sato, nimeuma shavu kwa ndani nisicheke.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na mgeni. Mkoa ulikuwa umeunda kamati ya kuangalia huduma za walevi: nani anapona, nani anarudi baada ya mwezi, nini kinakosekana. Kwenye nyumba ile alikuja mama mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, mwenye miwani iliyoshikwa na kamba shingoni. Hakuwa mtu wa makelele. Alichukua kiti, akakaa karibu na dirisha, akawa anatazama tu, siku nzima, kama anayengojea samaki.

Muuguzi alitaka kumwonyesha jambo la kujivunia. Akamleta kwa babu.

"Huyu mzee, mama, ni mfano. Tangu jana hajatoka jasho, hajatetemeka, anakula. Anakunywa chai yake tu."

Na kweli babu alikuwa ameegemea mto, kikombe mkononi, ametulia kama askofu.

"Karibu chai," akamwambia yule mama.

"Asante, mzee, nimeshakunywa."

Nasema hivi: Mungu wa Ukerewe alikuwa macho siku ile.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Nilifika na chakula mchana, nikakuta babu amekaa kitako anatazama mikono yake. Mikono ilikuwa inacheza peke yake. Jasho linamtiririka, shati limemganda. Nikatoka mbio na sahani yangu; muuguzi alikuwa nje kibarazani na baba, aliyekuwa ametoka zamu ya asubuhi, na mama wa kamati amesimama kando yao.

"Imenichanganya," muuguzi alikuwa anasema. "Ingekuwa pombe, kwa mnywaji mkubwa ingemshika siku ileile ya kwanza. Hii imekuja leo, ghafla. Mimi nadhani ni malaria kali, nimwekee dripu ya kwinini."

"Na kama ni pombe?" akauliza mama wa kamati.

"Kama ni pombe, dawa yake ni nyingine kabisa, ya kuutuliza mwili, na inategemea alikuwa anakunywa kiasi gani na ameacha lini. Na lazima aipate kabla hajashikwa na degedege. Mwezi uliopita mzee mmoja ilimshika hapahapa." Akatazama dirisha la babu, lililokuwa wazi juu yetu. "Hakuamka."

Nilihisi sahani imekuwa nzito.

"Basi muulizeni," mama wa kamati akasema.

"Nimemuuliza. Kasema kidogo."

Wote wakamgeukia baba. Baba akavuta suruali, akajikohoza, akaingia. Tulisikia shikamoo. Tulisikia marahaba yenye fizi zinazogongana. Kisha manong'ono. Baba akatoka.

"Kasemaje?"

"Kasema," baba akapangusa uso, "mvua za Kisesa mwaka huu zilikuwa chache."

Sikutumwa na mtu. Niliingia kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa, na kwa sababu, nisiwafiche, niliogopa, na mimi nikiogopa ninachokoza.

Nje, mbali ziwani, kulikuwa kumeinuka ule moshi usio wa moto: wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni, wanaozaliwa pamoja wakasimama hewani kama nguzo. Upepo ulikuwa unawasukuma kuja kwetu. Dirisha lilianza kufifia, mwanga ukawa wa rangi ya chai ya maziwa, na kila kitu chumbani kikapoteza kingo zake.

"Mke wangu," babu akasema, macho yako dirishani. "Unaona vumbi lile?"

"Naliona."

"Ng'ombe wako hao. Mahari yako imefika. Waone wanavyoshuka kwenye mawe."

Nikatazama. Naapa, kwa kitambo kidogo niliwaona. Mawe yalikuwa na migongo, mengine na nundu, na lile vumbi hai likawa linapita katikati yao, na yale mawe yakawa yanakuja, polepole, bila kwato kulia, yanaingia majini kunywa. Sikuogopa tena. Nilikuwa kama niko usingizini na babu ndiye anayeniota.

"Wazuri," nikasema. "Ila sitaki."

"Hutaki?"

"Siolewi na mtu anayetetemeka kama mashine ya kusaga. Wewe mume gani? Majirani watasema nimeolewa na dizeli."

Akacheka. Kicheko kilimtoka kwa vipande. "Una mdomo mchafu, mke wangu."

"Nimeurithi. Haya, sema, kibogoyo. Kabla sijawapokea hao ng'ombe nataka kumjua mume wangu. Unakunywa nini?"

"Gongo."

Hivyo tu. Neno lililowashinda zahanati, ukoo na Kisesa nzima likatoka kama punje ya mahindi, kwa sababu mtani akikuuliza huna pa kujificha.

"Asubuhi?"

"Kabla ya kunawa uso. Chupa ya soda, imejaa."

"Mchana?"

"Mchana nyingine. Jioni mbili, au mpaka nisijue."

"Mlevi mkubwa wewe."

"Mkubwa, mke wangu. Mizani haidanganyi."

"Sasa siku mbili hizi umekaaje mwema kama mtoto wa Yesu?"

Akanyoosha kidole kinachocheza. Nilikifuata mpaka mezani. Nikaifungua ile chupa ya maua mekundu, nikainusa, macho yakanitoka machozi papo hapo. Ilikuwa tupu, lakini hata utupu wake ulikuwa umelewa. Mzee wetu alikuwa anaugulia nyumba ya kuachia pombe huku anakunywa pombe, kwa kikombe, mbele ya kamati, na hakuna aliyefungua kifuniko, kwa kuwa nani ana ubavu wa kufungua chai ya mzee?

"Iliisha lini?"

"Jana jioni, jua linazama. Nilijaribu kuibania." Halafu akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi ya samaki. "Mke wangu, wafungulie ng'ombe mlango. Wamejazana."

Hapo muuguzi aliingia mbio. Dirisha lilikuwa wazi na kibaraza kiko chini yake. Walikuwa wamesikia kila neno, hata lile la dizeli. Alimchoma sindano ya kutuliza mwili, siyo ya malaria, akamwekea dripu, akanituma nikamwite daktari. Niliporudi wadudu walikuwa wametua ukutani, kwenye shuka, kwenye nyusi za babu, na babu alikuwa anapumua kama mtu anayepanda kilima kwa hiari yake. Degedege haikuja. Tulikaa tunaingoja, mimi nawapeperusha wadudu kwa gazeti, lakini haikuja.

Alilala siku nzima na nusu. Alipoamka, mikono ilikuwa imetulia kidogo na macho yamerudi kuwa yake, na mimi nikawa nimejiandalia matusi mazuri sana ya kumkaribisha. Sikupata nafasi.

"Baba yako alisikia?" ndilo neno la kwanza.

"Alikuwa dirishani."

Akafumba macho. "Nifungie mzigo wangu. Narudi Kisesa."

"Mume wangu, huwezi hata kusimama."

"Nitasimama. Utani ni wa watu wawili, mke wangu. Huu mmeuanika juani. Mwanangu atanitazamaje?"

Hakunikasirikia; sheria anaijua. Ilikuwa mbaya zaidi ya hasira. Alikuwa anaona haya, mzee mzima, amegeukia ukuta. Na muuguzi alishatueleza: tiba ndiyo kwanza inaanza, akitoka sasa atarudi kwenye gongo kabla nguo hazijakauka, na mwili wake hautavumilia mara ya pili. Hakuna wa kumfunga kamba. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wa wavu tu, wa kuzuia wadudu.

Nikatoka kibarazani na mzigo mkononi, sijui nifunge au nifungue. Mama wa kamati alikuwa kwenye kiti chake.

"Binti, kaa," akasema. "Ninyi mnakiitaje ulichokifanya?"

"Uchokozi, mama. Shuleni wanauita utovu wa nidhamu."

Akacheka mpaka miwani ikadondoka, bahati ina kamba. "Nimezunguka sana. Nimeona vitanda, nimeona dawa, hapana penye vya kutosha. Lakini sijawahi kujiuliza nani anamuuliza mzee. Mjukuu anaweza. Nani mwingine?"

"Shemeji zake. Na watani wake wa kabila lingine, wale wanaotukanana msibani."

"Na mtoto wake?"

"Mtoto hawezi, mama. Hata akifa." Nikafikiri. Nilikuwa nafikiri kwa sauti, jambo ambalo mimi hulifanya mara chache. "Ila anaweza kuambiwa. Babu akitaka kusema, baba anaweza kukaa akasikia."

Mama akanitazama. "Basi kamwambie baba yako akae."

Sasa hivi nyumba ile wana desturi hiyo. Mzee akiletwa wanauliza kwanza kama ana mjukuu au shemeji mwenye mdomo, anaingia huyo, anapewa muda na kiti, madirisha yanafungwa, na atakachokisikia anamnong'oneza muuguzi peke yake, tena mzee akiwa ameridhia. Vifuniko vyote vinafunguliwa, kwa heshima lakini vinafunguliwa. Likizo wameniita mara kadhaa kwa wazee wasio na wajukuu karibu. Nimeshaposwa na nusu ya pwani ya ziwa.

Lakini siku ile hakukuwa na desturi yoyote, alikuwepo baba tu, ametoka kazini na harufu yake ya sangara, na paka mmoja nyuma yake. Nilimwambia asiseme kitu. "Hata mvua?" akauliza. "Hata mvua."

Akaingia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nilibaki pembeni nimekumbatia mzigo. Mwanga wa ziwa ulikuwa darini unajikunja na kujikunjua, na wote wawili wakawa wanautazama, na muda ukapita kama upitavyo chini ya maji. Nilitamani kutoa mzaha. Nikajizuia. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza.

"Mwanangu," babu akasema, amegeukia ukuta tena. "Nakunywa."

"Ndiyo, baba."

"Nakunywa sana."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu walipofunga ghala."

Babu akageuka taratibu. "Miaka yote hiyo. Na hukusema."

Baba aliangalia kucha zake. Safari hii nadhani jibu lilikuwepo. "Wewe ni baba yangu," akasema. "Ningesemaje?"

Babu akamtazama sana, kama mtu anayesoma uzito na hataki kukosea. Kisha akainua mkono, bado unatetemeka kidogo, akauweka kichwani mwa baba, mtu mzima mwenye mvi, akauacha pale. Baba hakujitikisa. Paka alikuwa amepanda kitandani na hakuna aliyemfukuza.

Hapo mimi uvumilivu ukaniishia. "Mume wangu, huu mzigo unanivunja mikono. Nifunge au nifungue?"

Babu hakunijibu mimi. Alimwambia baba:

"Hapa usiku pana baridi. Kesho ukija, niletee blanketi."